Mabesi Wamefungiwa Mgodini

Hotuba aliyoitoa Rais Félix Tshisekedi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 18 Machi 2020 haikuandikwa kwa ajili ya wanakwaya. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu Kinshasa itangaze mgonjwa wa kwanza wa korona, na serikali ilikuwa inakimbizana na muda. Lakini kwa mwalimu wa kwaya wa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba kusini mwa nchi, mwenye daftari la nyimbo za Pasaka mapajani, ilisikika kana kwamba mtu ameorodhesha kila kitu ambacho kwaya huishi nacho, kisha akakipiga mstari kimoja kimoja. Makanisa yafungwe. Mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 hadharani, marufuku. Na kilio nacho: maiti itoke chumba cha maiti iende moja kwa moja makaburini, pasiwe na matanga nyumbani wala ukumbini.

Hilo la mwisho ndilo lililouma kuliko yote, ingawa nje ya Kongo halikuzungumzwa sana. Kwaya katika miji ya shaba haiishi kwa ibada ya Jumapili peke yake. Kazi yake nzito ni usiku wa kilio: kukesha na wafiwa, kuimba hadi kunapambazuka, kulisindikiza jeneza, kurudi na familia kwenye turubai na kuanza tena. Mtu hujiunga na kwaya kwa sababu anapenda kuimba. Anabaki humo miaka ishirini kwa sababu anajua kwamba siku mama yake akifa, watakaomwimbia hawatakosekana. Kuna mfuko wa michango, kuna daftari la mtunza hazina, kuna rais wa kwaya, kama wasemavyo Kongo, ambaye humwendea nyumbani mwimbaji asiyeonekana mazoezini wiki mbili. Ukikataza kilio, muziki utarudi siku moja. Lakini ile hesabu ya nani alimzika nani imekatika katikati, na walio na deni na wanaodai deni hawajui tena wasimame wapi.

Kolwezi ni mji uliozoea mipango inayoandikwa mbali. Mfano wa karibu kabisa ni Kingamyambo. Hapo pamelundikwa masalia ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa na kiwanda cha Kolwezi kwa miongo mingi. Ukiyajumlisha na yaliyotapakaa bondeni mwa mto Musonoi, wapimaji walipata tani milioni 112.8, zenye shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Mpango wa kuyachenjua upya haukukosa kitu kwenye karatasi. Kulikuwa na kampuni ya Adastra, iliyonunuliwa na First Quantum mwaka 2006. Kulikuwa na hisa za Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, na za serikali, za tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, na za shirika la maendeleo ya viwanda la Afrika Kusini. Mwaka 2009 serikali ikafuta leseni ujenzi ukiwa unaendelea. Mwaka 2010 mradi ukaingia mikononi mwa kampuni nyingine ya madini, ENRC; mwanzoni mwa 2012 First Quantum na ENRC wakapatana kwa dola bilioni 1.25, ndani yake mkiwa na migodi mingine pia. Na uzalishaji ukaanza mwaka 2018 chini ya jina la Metalkol.

Mradi ule ulivunjika, ukashtakiwa, ukabadilishwa jina na wenyewe, na bado ukakamilika. Mali yake haina miguu. Tani zile zilikaa palepale zikingoja mawakili wamalize. Kwaya ukiiacha miaka tisa, ukirudi hukuti kwaya. Ndiyo maana napenda kuyaweka mambo haya mawili pamoja, ingawa moja ni la mabilioni na jingine ni la watu wanaochangishana franka za kununulia vitenge vya sare.

Turudi kwenye ile ishirini. Kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, ilikuwa namba ya kwaya. Chukua kundi la waimbaji 60, ambalo kwa parokia ya mjini si kubwa. Ligawe kwa sauti, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, unapata vikundi vya watu kumi na watano hivi. Na mazoezi ya kwaya za kwetu tangu zamani huanza hivyo hivyo: kila sauti hujitenga na mwalimu wake mdogo, inajifunza mstari wake kwa do-re-mi, na mwisho kabisa ndipo zote zinaitwa zisimame pamoja. Kanisa lilikuwa na kufuli, lakini ua wa nyumba ya mtu mmoja mtaani Manika au kule Luilu ulitosha sauti ya pili nzima, tena na nafasi ya watoto kupita. Kilichokatazwa kilikuwa ile nusu saa ya mwisho tu, sauti zinapokutana. Kwa mwanakwaya, bila shaka, hiyo nusu saa ndiyo yote.

Sababu ya kuiogopa nusu saa hiyo inajulikana, na haikuwa uzushi. Tarehe 10 Machi 2020, siku ileile Kongo ilipompata mgonjwa wake wa kwanza, watu 61 wa kwaya ya Skagit Valley walikutana kwa mazoezi huko Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Waliimba kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Watu 53 waliugua au walihesabiwa kuwa waliugua, wawili wakafa. Ripoti ya tukio hilo ilipotoka mwezi Mei, dunia nzima ilijifunza kwamba anayeimba hutoa pumzi nyingi kwa nguvu, na pumzi hiyo huelea. Kuanzia hapo kwaya ikawa kitu cha kutajwa kwa sauti ya chini.

Lakini soma ripoti ile ukiwa Kolwezi. Kilichowaumiza wale kilikuwa pamoja na hewa ya ndani, iliyofungiwa, wakati wa baridi, watu wakiwa wamekaa karibu kwa muda mrefu. Agizo la Kinshasa lilihesabu vichwa, hewa halikuihesabu. Watu 19 ndani ya chumba chenye dirisha moja walikuwa halali, na watu 25 chini ya mwembe walikuwa wahalifu. Sisemi agizo lilikuwa baya: polisi anaweza kuhesabu watu, hewa hawezi kuihesabu. Nasema tu kwamba kwaya iliyozoea kufanya mazoezi nje, kwa sababu kanisani umeme hauna uhakika na ndani kuna kundi jingine linasali, ilikuwa na kinga ambayo haikuandikwa kwenye waraka wowote. Tena kulikuwa na shida nyingine ya pale pale. Juni hadi Agosti ni kiangazi cha baridi kwenye uwanda ule wa juu, mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na malori ya madini huinua vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sahani. Kikohozi kiko kila nyumba. Ukimfukuza mazoezini kila anayekohoa Kolwezi mwezi Julai, utabaki na mwalimu na kijiti chake, kama naye hakohoi.

Pigo lenyewe lilitoka upande mwingine. Mwishoni mwa Machi, migodi kadhaa mikubwa ya majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga iliamua kuendelea na kazi kwa kuwafungia wafanyakazi ndani. Walilala huko, wakala huko, wakaingia zamu na kutoka zamu bila kuona mke wala mtoto, wiki baada ya wiki, wengine miezi miwili na zaidi. Aliyetaka kwenda nyumbani alijua kwamba kazi inaweza isimngoje. Mwezi Juni asasi za haki za binadamu, za Kongo na za nje, ziliziandikia kampuni barua kulalamikia hali hiyo. Kongo ilikuwa ikitoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na viwanda vya betri havikutaka kusikia habari ya mlango uliofungwa. Kwa aliyeandika mpango, mpango ulifaulu: mawe yalitoka.

Sasa jiulize ni nani anayeimba sauti ya nne Kolwezi. Dereva wa lori la mgodini, mchomeleaji, fundi mitambo, mlinzi wa geti, mpishi wa kambi. Sauti ya tatu ni haohao na wadogo zao. Serikali iliitawanya kwaya kwa namba, kila mtu sawa na mwenzake. Mgodi uliitawanya kwa jinsia. Akina mama na wasichana walibaki mitaani na sauti mbili za juu, na chini yao hapakuwa na kitu. Mwalimu yeyote atakwambia kinachoweza kutokea hapo. Wimbo usio na besi unaweza kupanda kidogokidogo bila mwimbaji kujua, ubeti kwa ubeti, mpaka mwishoni sauti ya kwanza inapiga kelele badala ya kuimba. Dawa zipo: unatafuta nyimbo za sauti mbili, unamshusha mama mwenye sauti nzito aimbe ya tatu, unamchukua kijana ambaye sauti imevunjika juzi na kumpa mstari wa baba yake. Kwaya ambayo miaka yote ilikuwa na wazee watano walioshika besi kama mali ya ukoo ililazimika kuutoa mstari ule mikononi mwao, na hilo, katika kwaya, si jambo la muziki peke yake.

Watu wa nje walikuwa na jibu lao: kuimba kwa intaneti. Julai 2020 Eric Whitacre, Mmarekani aliyevuma kwa kwaya za mtandaoni, alitoa wimbo ulioimbwa na watu 17,572 kutoka nchi 129. Ni kazi ya kushangaza, na sitaki kuidharau. Lakini hakuna hata wawili kati yao walioimba pamoja. Kila mmoja alijirekodi peke yake akisikiliza muziki masikioni, mafundi wakazishona sauti baadaye. Mtandao wa simu huchelewesha sauti kidogo, na kwaya haivumilii hata kidogo hicho. Ukijaribu kuimba kwa video na mwenzako aliye Kapata, kila mmoja humngoja mwenzake na wimbo unazama.

Kilichofaa Kolwezi kilikuwa cha chini zaidi, nacho ni ujumbe wa sauti. Mwalimu wa sauti ya pili anaimba mstari wake kwenye simu, anautuma kwenye kikundi, basi. Aliye mgodini anausikiliza kitandani baada ya zamu. Asiye na simu ya kisasa anaupata kwa jirani. Njia hii haikuhitaji mtu kujua kusoma noti, na hilo Wakatanga hawakujifunza kutoka kwenye simu. Kule Kamina, Missa Luba, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na kundi la Padri Guido Haazen, sehemu kubwa ilijengwa kwa kubuni papo hapo, waimbaji wakijibizana, kabla haijaandikwa na kuvuma Ulaya. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, nako kulikuwa na waimbaji wadogo wa Msalaba wa Shaba, na mtunzi Joseph Kiwele, aliyejua noti za Kizungu vizuri kuliko Wazungu wengi wa mji ule. Sikio na karatasi vimeishi pamoja katika nchi hii kwa muda mrefu. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya sikio.

Hata hivyo simu ina gharama zake. Bwawa la Nzilo liko karibu na Kolwezi, juu ya mto Lualaba, na linafua umeme tangu enzi za Wabelgiji, lakini mitaa mingi hulala gizani na watu hulipia kuchaji simu kibandani. Kisha, Septemba 2020, watu wakiwa tayari wamejikamua kununua simu za intaneti, serikali ikaanzisha tozo ya kusajili simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa kwenye salio lako bila kuulizwa. Mtu anaweka salio apate kusikia sauti ya pili ya wimbo wa Majilio, salio linayeyuka. Wakongo walipiga kelele kwa zaidi ya mwaka mpaka tozo hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Katika miradi yote ya mwaka ule, huu ndio uliotekelezwa bila kasoro.

Kuna jambo la Kolwezi ambalo wageni hawalijui, nalo ndilo linalonifanya niamini kwamba kufungwa kwa makanisa hakukuwa mwisho wa dunia kwa waimbaji wake. Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, yule aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu, alikuwa Kolwezi, na kutoka kwenye mazungumzo yake na wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière na wake zao likazaliwa kundi la kidini la Jamaa. Walikutana majumbani, baba na mama pamoja, wakafundishana kwa Kiswahili na kuimba kwa Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuja kuwachunguza katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu. Maaskofu hawakuwa na raha nao siku zote, na baadaye kulikuwa na mizozo mikubwa. Lakini mazoea ya imani ya sebuleni yalibaki. Na mwaka 1961 maaskofu wa Kongo wenyewe waliamua kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogondogo za mitaa, ambazo wengi huziita mashirika. Kwa hiyo kufuli lilipowekwa mlangoni mwa parokia, wimbo haukwenda kutafuta makazi mapya. Ulirudi kwao.

Na mji huu umeona kwaya zikivunjwa kwa njia mbaya kuliko hiyo. Mei 1978 vita viliingia hadi ndani ya nyumba. Mwaka 1993 Wakasai, wengi wao wazaliwa wa palepale, walifukuzwa Kolwezi na kusukumwa kwenye mabehewa, baada ya hayohayo kutokea Likasi mwaka uliotangulia. Hapo waimbaji hawakutengana kwa mita mbili. Waliotengana walikuwa majirani, na wengine walikuwa wamewafukuza wenzao. Kwaya iliyobaki na mapengo ya namna hiyo haisaidiwi na ujumbe wa sauti. Korona, pamoja na ubaya wake, haikumfundisha mtu kumchukia mwimbaji wa pembeni yake.

Nchi za Afrika Mashariki zilichukua njia zao. Tanzania haikufunga makanisa, na kwaya zake ziliendelea kusimama mbele ya waumini wakati wenzao wengi wamenyamaza. Uganda ilifunga, na tarehe 3 Juni 2020 Namugongo, ambako mahujaji hufurika kwa sikukuu ya Mashahidi, haikuwa na mahujaji. Kenya ilipofungua Julai iliweka watu 100, ibada ya saa moja, na umri wa miaka 13 hadi 58. Fikiria maana yake kwa kwaya: watoto nje, wazee wa besi nje, na saa moja ambayo kwa ibada ya Kongo haitoshi hata kufika kwenye mahubiri. Misale iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire inataka uimbaji na mwendo wa dansi kuzunguka altare. Ukiifupisha, unachokata kwanza ni kwaya.

Kongo ilimaliza hali ya dharura Julai 2020 na kufungua makanisa tarehe 15 Agosti, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe nzuri kwa Wakatoliki na ngumu kwa walimu wa kwaya. Sauti nne zilizokaa miezi mitano mbalimbali zilisimama pamoja na kugundua kwamba kila moja imejifunza wimbo kwenye ufunguo wake. Aliyerekodi sauti ya pili alianzia alipojisikia, na hakuna kinanda kinachotembea na ujumbe wa sauti. Wazee walirudi kutoka mgodini wakakuta kijana anaimba mstari wao, tena anauimba vizuri. Wengine walikaa pembeni yake. Wengine walikwenda kusali kanisa jingine, na si kwa sababu ya imani.

Kisha Desemba ikaja na amri ya kutotoka nje, kuanzia tarehe 18, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mkesha wa Noeli ukapigwa kalamu. Ibada ya usiku ikasogezwa mchana, na nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya giza na mishumaa zikaimbwa jua likiwaka.

Mwezi Machi 2021 Kinshasa ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca. Kabla ya Mei, milioni 1.3 zilikuwa zimeamuliwa zipelekwe nchi nyingine kwa sababu zingeisha muda bila kutumika. Rais mwenyewe alikuwa amesita kuchanjwa. Viongozi wa dini waliombwa wahamasishe, na wapo waliofanya hivyo. Ila anayejua nani mtaani hajaonekana wiki mbili, anaumwa nini, na anamsikiliza nani, si askofu wala gavana. Ni yule mwenye daftari la michango ya kwaya, na majokofu ya chanjo hayakupitia kwake.

Madeni ya kilio ya mwaka 2020 yalichukua muda kulipwa. Kuna kwaya zilizokubaliana kufanya ziara moja moja kwa kila nyumba iliyozika bila kuimbiwa, Jumamosi mchana, kwa sauti nne kamili, familia ikiwa imechelewa kuomboleza kwa miezi minane. Mtunza hazina alitangulia na orodha. Nyumba nyingine zilikuwa zimehamwa, hasa kule ambako watu wanachimba kobalti chini ya sakafu zao, na hapo waimbaji walisimama barabarani wakashauriana kama waimbe kwa mpangaji mpya au waulize kwanza familia ilikwenda wapi.